Mshauri wa Wanafunzi na Siri ya Mtoto wa Mfanyakazi



Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu watauliza linatuhusu nini. Ni juu ya washauri wa wanafunzi katika shule za kimataifa, yaani zile shule za ada kubwa zinazofuata mafunzo ya Ubelgiji, ya Ufaransa, ya Uingereza au ya Marekani. Mwenzetu wa kiwanda cha sabuni, au mchumaji wa chai kule Teza, hana mtoto katika shule hizo wala hatarajii kuwa naye. Hatukatai. Lakini ni nani anayepika chakula cha shule hizo? Nani anafagia madarasa? Wazamu wanaokesha langoni wanatoka wapi? Wanatoka Kanyosha, Musaga, Buyenzi na Kamenge, nao ni wenzetu. Na wachache kati yao wamepewa nafasi ya kusomesha watoto wao humo humo kwa ada iliyopunguzwa. Hapo ndipo jambo letu lilipoanzia.

Mwenzetu mmoja, mkazi wa Kanyosha, ni dereva wa basi la wanafunzi katika shule ya namna hiyo. Jina lake hatulitaji, wala la shule. Tumeomba ruhusa kwake na kwa binti yake kabla ya kuandika, na tumebadilisha mambo mawili matatu ili wasitambulikane. Mngetuonaje kama tungeandika juu ya siri iliyovunjwa kwa kuivunja mara ya pili?

Binti ana umri wa miaka 13 na ni mwerevu. Muhula mmoja akaanza kusinzia darasani, na alama zikashuka. Mwalimu akampeleka kwa mshauri, mama mmoja mgeni kutoka nchi za nje, ambaye kila mtu anamsifu kwa upole. Mshauri akamkalisha, akampa maji, akamwambia: "Hapa unaweza kuniambia lolote, litabaki kati yetu wawili." Mtoto akasema. Akaeleza kwamba tangu mafuriko ya Gatumba ya mwaka 2024 shangazi yake na watoto watatu wanakaa kwao, kwa hiyo wanalala watu tisa katika vyumba viwili. Mwisho wa mwezi chakula hakitoshi. Jumamosi usiku baba hurudi amekunywa, hupiga kelele, na mama hulia.

Mshauri aliandika hayo yote katika ukurasa mmoja. Ukurasa ule ukaenda kwa naibu wa direkta, na kutoka hapo ukafika ofisi ya wafanyakazi. Siku ya nne dereva akaitwa. "Tumesikia wewe ni mlevi. Weka ufunguo wa basi mezani." Akasimamishwa wiki mbili bila mshahara. Alipouliza ni nani aliyesema, akajibiwa kwamba shule ina habari za kuaminika. Alipokuwa anapanda kilima kurudi nyumbani, alifikiri ni nani anayejua mambo ya chumbani mwake, na jibu likawa moja tu. Usiku ule nyumbani kwao hatutausimulia. Asubuhi yake binti akakataa kwenda shule.

Alipotufikia, tulikasirika sana. Mmoja wetu alikwisha andika barua ya moto kwa direkta, nayo tunashukuru haikutumwa. Kwa maana katika kikao kile mzee mmoja, aliyefanya kazi ya udereva miaka mingi, aliuliza: "Na kama kweli analewa, na basi lina watoto 40, na barabara ni ile ya Rumonge?" Tukanyamaza. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.

Tukaamua kwanza tujifunze. Tulizungumza na waalimu, na dada mmoja anayefanya kazi ya kushauri wagonjwa katika kituo cha afya, na tukatafuta mtu wa kutusomea kanuni ambazo washauri wa shule hizo huzifuata. Yanayofuata ndiyo tuliyoyapata.

MSHAURI NI MTU WA NAMNA GANI

Kwetu Burundi mtu mwenye shida hakukosa pa kwenda. Msichana alikuwa na senge wake, yaani shangazi wa upande wa baba, ambaye huambiwa yale ambayo mama haambiwi. (Kwa binti huyu senge alikuwapo, tena analala naye chumba kimoja, lakini mtoto angemwambiaje kwamba shida mojawapo ni yeye?) Wenye ugomvi waliwaendea bashingantahe. Wakatoliki wanamwendea padri katika kitubio.

Mshauri wa shule hafanani hasa na hata mmoja wa hao. Mushingantahe husikiliza hadharani, kila mtu akisikia, kisha hukata shauri. Mshauri husikiliza mlango umefungwa na hakati shauri. Padri haruhusiwi kutoa neno lolote la kitubio, hata kama ni la mauaji. Mshauri yako mambo ambayo ni lazima ayatoe. Naye si mwalimu wa nidhamu: mtoto anapotumwa kwake hakutumwa kuadhibiwa. Ni mtu wa katikati, na kwa sababu hiyo kazi yake ni rahisi kuharibika.

Kazi hii haina miaka mingi mashuleni. Kenya, wizara ya elimu ilianzisha kitengo cha ushauri wa wanafunzi mwaka 1971, na sheria ya washauri na wanasaikolojia ikapitishwa mwaka 2014. Marekani, washauri wa mashule waliunda chama chao mwaka 1952, na mwaka 1984 wakaandika kanuni za maadili ya kazi yao, ambazo wamezirekebisha mara kadhaa, mara ya karibuni ikiwa 2022. Wengi wanaofanya kazi katika shule za kimataifa hufuata kanuni hizo au nyingine zinazofanana nazo. Jambo hilo tulilipenda: ni watu wa kazi moja waliokaa pamoja wakaamua wenyewe jinsi ya kuifanya kwa uaminifu, ili anapohama kutoka kwa tajiri huyu kwenda kwa yule, kanuni ziende naye.

Tuseme pia jambo la kumtetea. Mshauri wa shule ya kimataifa naye ni mfanyakazi. Mara nyingi mkataba wake ni wa miaka miwili, na kibali chake cha kukaa nchini na nyumba anayolala vinategemea shule ile ile. Kanuni za wenzake wa Marekani zinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Katika shule nyingi yuko peke yake, na wa kumwuliza hayupo. Basi anapoamriwa na direkta kuleta karatasi, si rahisi kukataa. Tunajua sisi viwandani jinsi ilivyo kukataa.

SIRI NA MIPAKA YAKE

Kosa la kwanza katika habari ya dereva wetu halikuwa karatasi. Lilikuwa lile neno la kwanza: "litabaki kati yetu wawili". Hakuna mshauri anayeweza kuahidi hivyo, na kanuni zake mwenyewe zinamkataza. Anapaswa, kabla mtoto hajafungua kinywa, kumwambia kwa maneno ya mtoto: utakayosema nitayatunza, isipokuwa ikiwa unataka kujidhuru, au unataka kumdhuru mwingine, au kuna mtu anayekudhuru, au mahakama imeniamuru. Mtoto akisikia hayo anachagua mwenyewe la kusema na la kuacha. Asipoambiwa, amenaswa kama samaki.

Kwa nini pawe na mipaka? Wengine kati yetu walisema siri ni siri, basi. Lakini iko habari moja inayotajwa sana na watu wa kazi hiyo. Mwaka 1969 mwanafunzi wa chuo kikuu cha California, huko Berkeley, alimwambia aliyekuwa akimtibu akili kwamba anakusudia kumwua msichana fulani. Mtaalamu yule akawaarifu polisi wa chuo, nao wakamshika kijana, wakamwona mzima, wakamwachia. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuonywa, wala wazazi wake. Mwezi Oktoba mwaka ule ule akauawa. Wazazi wakashitaki, na mwaka 1976 mahakama kuu ya jimbo lile ikaamua kwamba mtu anayepokea siri ya namna hiyo ana wajibu wa kumkinga yule aliye hatarini. Tangu hapo, katika nchi nyingi, wanaofundishwa kazi hii huanza na habari hiyo.

Basi swali la mzee wetu lilikuwa la haki kabisa. Kama baba analewa asubuhi na kushika usukani, watoto 40 wako hatarini, na mshauri anayenyamaza ana hatia. Ila mtoto hakusema hivyo. Alisema Jumamosi usiku, na Jumapili basi haliendi. Mshauri angemwuliza tu: "Je, asubuhi za kazi huwa amekunywa?" Angepata jibu, na hofu ingepungua au ingethibitika. Hakuuliza. Na hata kama jibu lingekuwa ndiyo, kanuni zinasema amwambie mtoto kwanza kwamba sasa itabidi aseme, amweleze atasema nini na kwa nani, kisha amwambie yule tu anayehusika na usalama wa basi, na aseme lile tu linalohusu basi. Watu tisa katika vyumba viwili, njaa ya mwisho wa mwezi, machozi ya mama: hayo yanamhusu nini mkuu wa ofisi ya wafanyakazi?

MABWANA WAWILI

Hapa ndipo penye uzito kwetu, na tunaomba msome polepole.

Mtoto wa balozi au wa mfanyabiashara akimwambia mshauri kwamba baba yake hunywa pombe, shule haina la kumfanya baba yule. Pengine itamwogopa. Lakini mtoto wa dereva akisema maneno yale yale, anayapeleka kwa tajiri wa baba yake. Mshauri analipwa na shule, na baba analipwa na shule, na mtoto anasoma kwa huruma ya shule. Neno moja la mtoto linaweza kuondoa mshahara, nyumba na masomo yake kwa siku moja. Kanuni za washauri zinaonya juu ya uhusiano wa namna mbili, yaani mshauri asiwe na jambo jingine na mtu anayemshauri, kama biashara, undugu au urafiki na wazazi wake. Katika shule ya kimataifa, ambako wageni wote wanajuana na hukutana Jumapili pwani ya ziwa, hilo ni gumu kulikwepa. Ila juu ya mtoto wa mpishi na wa mzamu tumeona watu wachache wanaofikiri. Sisi tunasema ndiye anayehitaji ulinzi kuliko wote, na ukuta kati ya chumba cha mshauri na ofisi ya wafanyakazi ni lazima uwe mnene.

Ninyi wa viwandani mnaujua mchezo huu. Miaka iliyopita, katika kiwanda kimoja ambacho hatukitaji, mwenzetu alimwonyesha mwuguzi wa zahanati ya kiwanda vidonge anavyomeza. Alikuwa anauliza kama anaweza kuvimeza akiwa zamu ya usiku. Mwezi uliofuata mkataba wake haukuandikwa upya. Hakuna aliyesema neno UKIMWI, na hakuna aliyehitaji kulisema. Wakati ule hatukujua kwamba sheria ya Burundi ya tarehe 12 Mei 2005 inawalinda watu wanaoishi na virusi, wala pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani lililotoka mwaka 2010, linalosema mfanyakazi asilazimishwe kufichua hali yake na habari zake zitunzwe kwa siri. Tungejua tungepigana vingine.

Wengi mnamkumbuka Jeanne Gapiya, aliyesimama kanisani Bujumbura mwaka 1994 akasema mbele ya watu kwamba anaishi na virusi, wakati hakuna Mrundi aliyethubutu kusema hivyo hadharani. Watu wanamheshimu mpaka leo. Lakini siri ilikuwa yake, na mdomo ulikuwa wake. Laiti angetajwa na mwuguzi, lingekuwa jambo jingine kabisa.

Lugha nayo ni shida ambayo watu hawaioni. Mshauri anajua Kiingereza au Kifaransa. Mama wa mtoto wetu anajua Kirundi na Kiswahili. Anapoitwa shuleni, ni nani atakayewafasiria? Tumeambiwa kwamba mara nyingi huitwa yeyote aliye karibu: mfagiaji, au mzamu wa langoni, au mtoto mwenyewe. Fikirini mzamu anayekaa mtaa mmoja na mama yule anaambiwa afasiri kwamba binti amejaribu kumeza dawa. Hakula kiapo chochote, na jioni ataulizwa na mkewe habari za kazini. Na mtoto akifasiri mwenyewe, atafasiri lile analotaka mama alisikie. Wenzetu mnaoitwa kufasiri, mna haki ya kukataa. Mkikubali, basi mmeingia katika siri ile kama mshauri mwenyewe, na mkitoka mlangoni mmesahau. Shule yenye fedha ya kununua mabasi haishindwi kumlipa mfasiri.

SHULE INAPOJILINDA

Mpaka hapa tumesema juu ya siri iliyotolewa ilhali ilitakiwa itunzwe. Iko dhambi iliyo kubwa zaidi, nayo ni siri inayotunzwa ilhali ilitakiwa itolewe.

William Vahey, Mmarekani, alifundisha katika shule za kimataifa kwa miaka zaidi ya 40, toka Iran mpaka Indonesia, Venezuela, Uingereza na Nikaragua. Alikuwa amekwisha hukumiwa California mwaka 1969 kwa kuwachezea watoto, na bado alipokelewa shule baada ya shule, kila moja ikitoa barua nzuri. Aliwatendea wavulana wengi maovu. Nani aliyemfichua? Si direkta, si bodi, si mshauri. Machi 2014, mjini Managua, mwanamke aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwake alipeleka shuleni kifaa kidogo cha kompyuta chenye picha alizozitunza mwovu yule. Siku chache baadaye Vahey alijiua. Mwaka ule ule vyama vya shule za kimataifa viliunda kikosi cha pamoja cha ulinzi wa watoto, na shule nyingi zikaanza kuuliza kwa makini zaidi habari za mtu kabla ya kumwajiri. Ninyi mnaofagia, mnaopika na mnaoendesha mabasi mnaona mambo ambayo waalimu hawayaoni.

Mshauri anayeambiwa na mtoto kwamba mwalimu fulani anamgusa hana ruhusa ya kwenda kwanza kumwuliza direkta kama jambo hilo litaharibu jina la shule. Kenya, tume inayoajiri waalimu, katika waraka namba 3 wa mwaka 2010, iliamuru kwamba anayepata habari ya mwalimu kumtendea mwanafunzi ubaya huo atoe taarifa katika muda wa saa 24. Tanzania, sheria ya mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi yeyote anayeona haki ya mtoto inavunjwa kuarifu serikali ya mahali pale. Kwetu Burundi kuna sheria ya Septemba 2016 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, na Bujumbura kuna kituo cha Seruka, kilichofunguliwa mwaka 2003, ambacho huwapokea waliobakwa na kuwatibu. Wengi hawajui kwamba matibabu ya kuzuia virusi yanatakiwa yaanze kabla ya saa 72 kupita. Kwa hiyo anayesema "tungoje kikao cha Jumatatu" anamwibia mtoto saa zake.

Mshauri mgeni naye ana mtihani hapa. Kanuni alizojifunza kwao zinamwambia apige simu kwa ofisi ya ulinzi wa watoto, lakini amefika mahali ambapo ofisi ile haiko kama ilivyo kwao, na hajui mlango wa kugonga. Angeweza kutuuliza. Wapishi wa shule yake wanajua kituo kilipo, wanajua ni mkuu yupi wa mtaa anayesikiliza na ni yupi anayetangaza.

Tukumbuke pia kwamba wakati mwingine amri yenyewe ndiyo inayomdhuru mtoto. Mwezi Juni 2018 wizara ya elimu ya Burundi ilikataza wasichana wenye mimba, pamoja na wavulana waliowapa mimba, wasirudi katika shule za kawaida. Mwezi uliofuata amri ile ikaondolewa. Tanzania katazo la wasichana lilikaa muda mrefu zaidi, likaondolewa Novemba 2021. Katika siku zile msichana aliyemwambia mshauri kwamba amekosa siku zake alikuwa anampa mtu kisu. Tumeuliza watu wanaojua kazi hii mshauri afanye nini, nao hawakukubaliana. Wengine walisema atii amri, wengine wakasema asiandike. Wote walikubali jambo moja tu, kwamba asimdanganye msichana.

KARATASI

Siku hizi karatasi haikai kabatini. Imo katika kompyuta, na simu imepigwa picha, na kundi la WhatsApp la waalimu limekwisha jua. Mshauri akiondoka baada ya miaka yake miwili, maandishi yake yanabaki kwa nani? Uliza shule hilo, utaona wanavyotazamana. Vile vile mshauri huyo huyo ndiye anayeandika barua za kuwaombea wanafunzi wakubwa nafasi katika vyuo vya nje. Yale aliyoambiwa mlango ukiwa umefungwa, je, yataingia katika barua ile? Hayatakiwi kuingia bila mwanafunzi kukubali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mambo ya ndani ya mtoto na ya nyumba yao yasiingiliwe ovyo. Haukusema mtoto wa tajiri.

JINSI TULIVYOFIKIA

Tulikwenda shuleni wiki ya tatu, wajumbe wawili wa chama pamoja na dereva. Tulimkuta naibu wa direkta na mshauri. Hatukupiga meza. Tulisema mambo mawili waziwazi: kwamba usalama wa watoto wa basi ni haki yao kuulizia, na kwamba kumsimamisha mtu kwa maneno aliyoyatoa mtoto wake chumbani kwa mshauri si njia ya haki, kwa maana mfanyakazi ana haki ya kuelezwa kosa na kujitetea. Tukapendekeza kinunuliwe kile kifaa cha kupuliza kinachoonyesha pombe, na madereva wote wapulize kila asubuhi, pamoja na yule anayemwendesha direkta. Naibu alicheka kidogo, kisha akakubali. Dereva wetu alikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

Ukurasa ule ulitolewa katika faili lake, ukachanwa mbele yetu. Kama kuna mwingine katika kompyuta, hatukuonyeshwa. Mshahara wa wiki moja umelipwa. Wa wiki ya pili bado tunaudai.

Mshauri hakusema mengi katika kikao. Mwishoni aliuliza kama angeruhusiwa kumwomba binti msamaha, na akauliza aende kwa lugha gani. Baba akasema Kiswahili kitafaa, hata kikiwa kibovu. Alikuja Kanyosha siku ya Jumamosi mchana, kwa miguu kutoka barabarani kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia, akasema aliyoyasema akiwa ameketi juu ya jiwe nje ya nyumba. Mama mwenye nyumba alimpa chai.

Binti amerudi darasani. Katika chumba cha mshauri hajarudi, wala hakuna anayemlazimisha. Baba anasema siku hizi hasinzii sana, kwa kuwa shangazi amepata chumba kule Ruziba na watoto wake wamehama naye.